Usiku wa Mzee: Mhadhara juu ya Usingizi na Ubongo Unaosahau

 

Familia nyingi hazimleti mzee kliniki kwa sababu amesahau. Kusahau wanakuvumilia. Bibi akiuliza mara tano chai iko wapi ilhali kikombe kipo mkononi, watu hucheka kidogo, humjibu, maisha yakaendelea. Anayefikishwa hospitali ni yule asiyelala: anayeamka saa nane za usiku na kuanza kufungasha nguo, anayedai amechelewa shambani, anayefungua komeo na kutoka. Nyumba nzima inakesha naye wiki ya kwanza, inakesha ya pili, mwishowe mtu mmoja anasema basi. Wanakuja macho mekundu wote, na neno la kwanza ninaloambiwa ni hili: “Daktari, mpe dawa alale.”

Nitalijibu ombi hilo, ila nitafika huko kwa njia ndefu. Kwanza nataka tukubaliane kwamba usiku wa mtu ni sehemu ya ugonjwa wake, tena pengine ni sehemu inayoanza mapema kuliko zote, na kwamba sisi madaktari pamoja na jamaa tumeuacha nje ya faili. Tunaandika presha, tunaandika sukari, tunaandika uzito. Hatuandiki analalaje.

Demensia si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo kumbukumbu, uamuzi, lugha na uwezo wa kujihudumia vinapungua mpaka mtu anashindwa kuendesha maisha yake mwenyewe. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza, ukichukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Nyuma yake wapo waliopatwa kwa sababu ya mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, na wapo wenye aina inayoitwa ya Lewy, nitakayoirudia kwa kuwa usiku wake ni wa namna yake. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 walikuwepo wagonjwa milioni 57, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu.

Anayedhani haya ni maradhi ya Wazungu aende Hai, mkoani Kilimanjaro. Utafiti uliofanyika huko ukihusisha zaidi ya wazee 1,000 wa umri wa miaka 70 na kuendelea ulikuta kiwango cha demensia cha asilimia 6.4, baada ya kurekebishwa kwa umri. Hicho ni kiwango cha kulinganishwa na cha Ulaya. Kilichonivutia zaidi katika kazi ya Hai ni namna watafiti walivyokabili jambo la elimu. Vipimo vya kigeni humtaka mzee achore, aandike, ahesabu kurudi nyuma kwa saba. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu ataonekana mgonjwa akiwa mzima kabisa. Basi wakatengeneza kipimo kifupi cha maswali sita, kinachoitwa IDEA: daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, leo ni siku gani, taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, kumbuka orodha ya maneno, halafu mzee anapewa njiti za kiberiti aunde umbo analoonyeshwa. Njiti za kiberiti kila mtu kazishika. Kipimo hicho nakipenda, na bado nina dai moja juu yake, ambalo nitalitoa mwishoni.

Turudi nyuma kidogo. Mgonjwa wa kwanza, aliyelifanya jina la Alzheimer lijulikane, alikuwa Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyepokelewa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt mwaka 1901. Daktari Alois Alzheimer, katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1907, anamwonyesha akiburura matandiko yake huku na huko, akimwita mumewe na binti yake. Alipofariki mwaka 1906, ubongo wake ulichunguzwa kwa hadubini, yakaonekana mambo mawili: mabaka nje ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Leo tunajua mabaka yale ni protini iitwayo amiloidi beta, na nyuzi zile ni protini iitwayo tau. Kwa karibu miaka 100 sayansi ikafuata mabaka na nyuzi. Matandiko yaliyoburutwa hayakupata mtafiti.

Watafiti walipoanza kuutazama usingizi, walianzia kwa panya. Mwaka 2009 kundi la David Holtzman katika Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis lilionyesha kwamba amiloidi katika ubongo wa panya hupanda anapokuwa macho na hushuka anapolala, na akinyimwa usingizi hupanda zaidi. Jambo hili lina maana, kwa sababu amiloidi si sumu inayotoka nje. Seli za ubongo huitoa zikiwa kazini. Kadiri ubongo unavyokesha ndivyo unavyoitengeneza kwa wingi.

Swali likawa: inaondokaje? Mwaka 2012 na 2013, kundi la Maiken Nedergaard katika Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, lilieleza njia ambayo maji yanayouzunguka ubongo huingia kandokando ya mishipa ya damu, hupenya katikati ya seli, kisha hutoka yamebeba taka. Walisema panya anapolala, nafasi iliyo kati ya seli hutanuka kwa takriban asilimia 60, na maji hupita kwa urahisi. Fikiria soko kubwa la mjini. Mchana limejaa watu na mikokoteni, hakuna awezaye kufagia katikati ya miguu ya wateja. Wafagiaji wanasubiri meza zifungwe. Usingizi mzito, ule wa saa za kwanza za usiku, ndio unaodhaniwa kufunga meza.

Nimesema “unaodhaniwa” kwa makusudi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Imperial mjini London, wakiongozwa na Nick Franks, walichapisha matokeo yanayokwenda kinyume: katika panya wao, rangi iliyotiwa kwenye ubongo iliondoka polepole zaidi walipolala au kutiwa nusukaputi kuliko walipokuwa macho. Upande wa Nedergaard ukapinga namna kipimo kilivyofanyika. Ubishi haujaisha. Mitandaoni hata hivyo umekwisha zamani. Kila mtu anakutangazia kwamba ubongo huoshwa usiku, na mwenye vidonge vya kuuza anakuuzia. Mimi naliona hivi: ushahidi kwamba usingizi mbaya huongeza amiloidi na tau una nguvu, ushahidi wa njia hasa inayotumika kuziondoa bado unajengwa. Mtu anaweza kujua kwamba mvua ikinyesha bonde linafurika kabla hajajua maji yanapita mfereji upi.

Kwa binadamu, tuna majaribio machache mazuri. Mwaka 2017, hukohuko St. Louis, watu 17 wazima wa afya walilazwa maabara wakiwa wamevaa vipokea sauti masikioni. Kila ubongo ulipoanza kuingia usingizi mzito, mashine iliyokuwa ikisoma mawimbi yake ilitoa mlio, ukizidi taratibu mpaka mtu akatoka kwenye usingizi huo bila kuamka kabisa. Usiku mzima hivyo. Wakalala saa zao kamili, ila mang'amung'amu. Asubuhi walichukuliwa maji ya uti wa mgongo, na amiloidi ilikuwa imepanda. Tau ilipanda kwa wale ambao hata nyumbani, siku kadhaa kabla, walikuwa wanalala vibaya. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa Marekani, uliohusisha watu 20, ulionyesha kwa picha za ubongo kwamba usiku mmoja tu wa kukesha huacha amiloidi zaidi katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu.

Mliokuwa na msiba wiki iliyopita mkakesha, msiogope. Usiku mmoja hauleti ugonjwa. Mwili hujirekebisha. Kinachosumbua ni miaka.

Na miaka ndiyo iliyohesabiwa Uingereza. Mwaka 1985 ulianzishwa utafiti wa watumishi wa serikali mjini London, unaojulikana kama Whitehall II. Mwaka 2021 zikatolewa taarifa za watu karibu 8,000 kati yao waliofuatiliwa kwa miaka 25. Waliokuwa wakilala saa 6 au pungufu walipokuwa na umri wa miaka 50 na 60, na wakaendelea hivyo, walikuwa na hatari ya demensia iliyozidi kwa asilimia 30 ikilinganishwa na waliolala saa 7. Asilimia 30 inatisha ikitajwa peke yake, basi niipunguze makali: kama kati ya watu 100 waliolala vizuri wangeugua 10, kati ya 100 wa usingizi mfupi wangeugua 13. Ni tofauti ya kweli, na si hukumu ya kifo.

Hapo linakuja tatizo linalowanyima usingizi watafiti wenyewe. Uharibifu wa Alzheimer huanza kimyakimya miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajasahau jina la mjukuu. Miongoni mwa sehemu za ubongo zinazoguswa mapema ni zile zinazoongoza kulala na kuamka. Kwa hiyo ukimkuta mtu wa miaka 65 anayelala vibaya, kisha miaka kumi baadaye ana demensia, huwezi kusema kwa uhakika kwamba usingizi ulileta ugonjwa. Huenda ugonjwa ulikuwa tayari umeingia na kitu cha kwanza ulichokivunja ni usingizi. Ndiyo maana Whitehall ni muhimu, kwa kuwa hesabu yake ilianza na usingizi wa watu wa miaka 50. Hata hivyo miaka 25 haitoshi kufuta shaka yote. Tume ya jarida la Lancet ilipotoa mwaka 2024 orodha ya mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ili kupunguza demensia, usingizi haukuwemo. Kuna wenzangu waliokasirika. Mimi nadhani tume ilitenda haki: ushahidi wa presha, sukari, kutosikia vizuri, sigara na ukosefu wa elimu ni mzito zaidi, na usingizi usubiri zamu yake.

Jibu langu kwa anayeuliza kipi kilitangulia ni kwamba yaelekea vyote viwili vinasukumana. Amiloidi na tau huharibu usingizi mzito, na usingizi mzito ukipungua, amiloidi na tau huongezeka. Kwa daktari aliye mbele ya mgonjwa, ubishi huo una faida ndogo. Ikiwa usingizi mbaya ni chanzo, utibiwe. Ikiwa ni dalili, usikilizwe. Kwa vyovyote uandikwe.

Sasa nataka nivuruge kidogo imani kwamba ni lazima mtu alale kwa muda wa saa nane. Siku hizi watu wanavaa saa za mkononi zinazowaambia wamelala dakika ngapi, nao wanakosa usingizi kwa hofu ya kukosa usingizi. Tuwatazame ndugu zetu Wahadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2015 kundi la Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilichapisha vipimo vya usingizi wa jamii tatu zisizotumia umeme: Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Wote hawalali jua linapozama, kama tulivyodhani. Wanakaa wakizungumza, wanapika, wanapanga safari ya kesho, kwa wastani saa 3 na zaidi kidogo baada ya machweo. Usingizi wao halisi ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Kulala mchana kulikuwa nadra.

Utafiti wa pili, uliotoka mwaka 2017 chini ya David Samson, ndio ninaoupenda zaidi. Watu wazima 33 wa kambi moja ya Wahadzabe walivaa vifaa vya mkononi kwa siku 20. Kati ya zaidi ya saa 200 za usiku zilizopimwa, muda ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18. Wakati wowote ule, kwa wastani zaidi ya theluthi yao walikuwa macho au wamesinzia tu. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa. Hakuna mlinzi aliyepangwa, na bado kambi haikukosa mtu macho. Watafiti wakatoa hoja kwamba usingizi mwepesi wa wazee unaweza kuwa ulilinda wanadamu tangu zamani. Babu anayeamka saa kumi za usiku, akakohoa, akachochea moto, akasikiliza nje, hana ugonjwa. Ana umri.

Watsimane nao wana jambo la kutafakarisha. Usingizi wao ni mfupi kwa vipimo vya mjini, lakini wazee wao wenye demensia ni wachache mno: kati ya wenye miaka 60 na zaidi ilikutwa karibu asilimia 1 tu. Sitaki kuudai usingizi wao kuwa ndio sababu. Mishipa ya moyo ya Watsimane ni safi kuliko ya jamii yoyote iliyowahi kupimwa, na wanatembea na kulima mpaka uzeeni. Lakini mfano wao unatosha kututoa kwenye ibada ya kuhesabu saa. Maswali mazuri ni mengine: Je, analala kwa mpangilio? Anapumua akiwa usingizini? Mchana ni mchana kwake, na usiku ni usiku? Je, kuna kilichobadilika?

La kupumua linahitaji maneno yake. Kwetu mtu anayekoroma husemwa amelala fofofo, na anayekoroma kwa nguvu ni kichekesho cha ukoo. Ila kuna mkoromo unaokatika. Mtu anavuta, anavuta, kisha kimya. Sekunde kumi, ishirini, hata zaidi. Halafu anashtuka kwa mlio kama aliyeibuka majini. Huyo koo lake linajifunga, damu inakosa hewa, ubongo unamwamsha ili asife, na hilo linajirudia mara nyingi kila saa bila yeye kujua. Mwaka 2011 Kristine Yaffe na wenzake wa San Francisco walitoa matokeo ya wanawake 298 wazee waliokuwa bado wazima wa akili. Baada ya takriban miaka mitano, wenye tatizo hilo la kupumua walioonyesha kudhoofika kwa akili au demensia walikuwa asilimia 44.8, wasio nalo, asilimia 31.1. Mashine ya kusukuma hewa usiku inasaidia, na ni ghali. Lakini kupunguza uzito, kulala ubavu, kuacha pombe ya jioni na kudhibiti presha havihitaji mashine. Mke au mume anayekosa usingizi kwa mkoromo wa mwenzake anaweza kuwa amebeba taarifa ya kitabibu iliyo bora kuliko nyingi ninazopata maabara.

Yupo pia anayeweweseka. Sisemi yule anayetamka neno moja la ndotoni. Nasema mwanamume wa miaka sitini hivi anayerusha ngumi usingizini, anapiga teke ukuta, anaruka kitandani akipambana na mwizi wa ndoto, huku mkewe akiwa amejaa alama. Kwa kawaida tunapoota, mwili hulegea kabisa ili tusitende ndoto zetu. Kwa mtu huyu breki hiyo imekatika. Utafiti wa vituo 24 duniani, uliochapishwa mwaka 2019 ukiwa na wagonjwa 1,280, ulikadiria kwamba baada ya miaka 12 karibu robo tatu yao huwa wamepata ugonjwa wa Parkinson, demensia ya Lewy, au ugonjwa wa jamii hiyo. Sijui dalili nyingine ya usiku inayotabiri kwa nguvu kiasi hicho. Kwetu huyu hupelekwa kuombewa au kuzinguliwa, mashetani yakalaumiwa. Aombewe, sina ugomvi na dua. Kisha aletwe kliniki.

Nimefika mahali ambapo ningependa tukae kidogo.

Katika ubongo ipo sehemu ndogo sana, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, inayoshika saa ya mwili. Inapokea mwanga kutoka machoni na kuuambia mwili sasa ni mchana, sasa ni usiku. Katika ugonjwa wa Alzheimer seli zake hufa. Jioni inapoingia, mgonjwa mwingine huanza kuhangaika: anatembea, anadai kwenda kwao ilhali yuko kwao, anamshuku mwanawe kuwa mgeni. Usiku wa manane anatoka. Amevua nguo kwa sababu ya joto, au alikuwa anakwenda chooni akapotea njia, au anafuata njia ya kisima kilichofukiwa miaka arobaini iliyopita. Alfajiri anakutwa uwanjani kwa jirani, uchi, akinong'ona, hawezi kueleza amefikaje.

Mnajua anachoitwa. Anaitwa mwanga, yaani mchawi wa usiku. Watasema alikuwa anawanga, chombo chake cha kurukia kimeishiwa nguvu, kimeanguka. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kupika kwa kuni, na hilo nalo linakuwa ushahidi. Wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi Kilifi, wameuawa Usukumani, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba la kurithiwa. Sisemi kila aliyetuhumiwa alikuwa na demensia. Nasema kwamba dalili za demensia za usiku zinafanana mno na hadithi tunazosimuliana juu ya wachawi, na mzee mgonjwa hawezi kujitetea kwa sababu hakumbuki. Muulize asubuhi ulikuwa wapi, atakujibu kitu chochote kinachomjia, na jibu hilo ndilo litakalomhukumu.

Binti mmoja anayemtunza bibi yake aliniambia anachofanya. Analala naye kitanda kimoja, kanga imefungwa ncha moja kwenye mkono wake na ncha nyingine kwenye mkono wa bibi, si kwa kukaza. Bibi akiinuka, binti anaamka. Hamzuii. Anamuuliza, “Bibi, tunakwenda wapi?” Bibi anasema wanakwenda kuchota maji. Wanatembea pamoja mpaka jikoni, wanakunywa maji, wanarudi. Hakuna kitabu kilichomfundisha, na sijaona mbinu bora katika vitabu. Lakini binti huyo ana miaka ishirini na kidogo, anasoma mchana, na kwa miezi mingi hajalala usiku mmoja kamili. Ubongo wake nao una haki. Familia yenye ndugu sita inayomwachia mmoja usiku wote, kwa kuwa ni msichana na hajaolewa, inamdhulumu, na ni lazima iambiwe hivyo. Zamu zipangwe, za usiku hasa.

Sasa lile ombi la dawa. Jibu langu, mara nyingi, ni hapana. Dawa za usingizi za jamii ya diazepam humwangusha mzee. Anaamka amelewa, anavunjika nyonga, na wengi hawarudi kutembea. Dawa za mzio za kizamani zinazoleta usingizi, zile zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti na kupewa bibi “atulie”, huzuia asetilikolini, kemikali ileile ambayo ubongo wa Alzheimer tayari imeupungukia. Unamtafutia usingizi kwa kumwongezea usahaulifu. Dawa za wagonjwa wa akili kama haloperidoli zina nafasi yake pale mgonjwa anapohatarisha maisha, lakini kwa wazee wenye demensia zinaongeza vifo, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali juu ya jamii hiyo ya dawa mwaka 2005 na 2008.

Kabla ya dawa, mimi hutafuta kinachomwamsha. Maumivu ya goti ambayo hawezi kuyataja. Choo kigumu. Mkojo unaochoma. Kidonge cha kupunguza maji mwilini anachopewa saa mbili usiku, kikampeleka chooni mara nne, wakati kingetolewa asubuhi. Chai ya rangi ya saa tatu. Masikio yaliyoziba nta, maana asiyesikia usiku huogopa zaidi. Haya yakirekebishwa, wapo wanaolala bila kidonge chochote.

Halafu kuna mwanga. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya nyumba 12 za kutunzia wazee, zenye wakazi 189. Katika baadhi yake waliweka taa kali sebuleni mchana kutwa, za kiasi cha luksi 1,000, na kuziacha nyingine na taa za kawaida. Walioishi kwenye mwanga walidhoofika akili polepole kidogo, na huzuni ikapungua. Faida haikuwa kubwa, ilikuwepo. Waholanzi wamenunua taa. Sisi tuna jua la ikweta ambalo hata kivulini, nje, linazidi luksi hizo mara nyingi, na tunamfungia mzee chumba cha nyuma pazia limeshushwa, televisheni inamsemesha. Nyumba za zamani za pwani zilikuwa na baraza. Mzee alikaa hapo tangu asubuhi, akisalimiwa na kila mpita njia. Nyumba tunazojenga sasa zina ukuta na geti. Mtoeni mzee nje saa mbili asubuhi, mkalisheni panapopitika, apewe mchele achambue au kamba asokote, asiachwe alale mchana kutwa. Jioni kelele zipunguzwe, taa ndogo iachwe njia ya chooni, mlango wa nje uwe na komeo la juu ambalo macho yake hayalifikii.

Nililoahidi kulisema mwishoni ni dai langu juu ya kile kipimo cha maswali sita. Wenzangu mnaofanya kazi zahanati na vituo vya afya, ongezeni swali la saba. Mzee anapokuja, muulizeni aliyemleta: usiku analalaje, anakoroma mkoromo unaokatika, anapigana ndotoni, anatoka nje? Andikeni jibu na tarehe. Na ninyi wenye wazee nyumbani, siku ya kliniki msimtume naye mjomba mwenye gari kwa sababu tu ana gari. Mleteni yule anayelala naye chumba kimoja, hata kama ni mtoto wa sekondari, mkamwombee ruhusa shuleni. Yeye ndiye shahidi. Mzee mwenyewe hajui alichofanya usiku.